Kumfundisha Mama Mkwe Kuvua

Mama mkwe wangu alipotaka kujifunza kuvua samaki wa baharini akiwa amesimama juu ya mwamba, ombi lake lilinifikia kupitia kwa mke wangu, kama mambo yake mengine yote. Nilikuwa nimeoa kwake pale Kinoo, nje kidogo ya Nairobi, miaka kumi na mmoja na sikuwa nimewahi kumwambia neno uso kwa uso. Nikiingia sebuleni kwa mlango wa mbele, yeye anatoka kwa ule wa jikoni. Hatukuwa tumekosana. Kwetu Ukambani mtu hamzoei mama wa mkewe: hamshiki mkono, hali mbele yake, hamsemeshi ovyo. Kwao Wakikuyu ni vivyo hivyo, na siku ya mahari hilo ndilo jambo pekee ambalo wazee wa pande mbili hawakulibishania.

Chanzo cha yote kilikuwa fimbo ya kuvulia. Marehemu baba mkwe alikuwa akipeleka maziwa Loresho kwa baiskeli, na familia moja iliyokuwa ikihama ikamwachia fimbo hiyo, ndefu kuliko mlango, pamoja na rili yake ya kukunjia mshipi. Akaitundika sebuleni juu ya kalenda ya kanisa. Kila mgeni aliyekunywa chai pale aliambiwa kwamba mzee akistaafu maziwa atampeleka mama Kilifi wakavue. Lakini mwenye ng'ombe hastaafu. Alifariki fimbo ikiwa haijawahi kulowa hata kwa manyunyu. Mwaka uliofuata mama akasema ataenda kuvua yeye mwenyewe, kwa fimbo hiyo hiyo, kabla magoti hayajamkatalia.

Mimi nilichaguliwa kuwa mwalimu kwa sababu niliwahi kufanya kazi Mombasa miaka miwili, na Jumapili nilikuwa nikivua na wenzangu wa ofisini kwenye miamba ya huko mpaka Kilifi. Nilikuwa mvuvi wa kawaida sana. Ila katika ukoo ambao nusu yake humtazama samaki kama nyoka aliyekosa bahati, mimi ndiye profesa. Shemeji yangu mkubwa akanipigia simu nikiwa kazini mjini kunijulisha kwamba wimbi likimchukua mama yao, nisijisumbue kurudi Kinoo. Niingie tu humo humo baharini nimfuate. Alisema kwa upole, na nikajua hatanii.

Masomo yalianza Jumamosi nyuma ya zizi, kando ya nyasi za ng'ombe. Mimi upande huu, mama hatua kumi upande ule, mke wangu katikati kama mkalimani wa mkutano wa injili. Hatukufunga ndoano. Yeyote anayetaka kuvua kutoka ufukweni namwambia hivyo hivyo: usifunge ndoano mpaka ujue chubwi lako, lile donge la risasi la kuzamisha mshipi, linatua wapi. La mama lilitua kwanza juu ya mabati ya nyumba ya jirani, ambamo kwaya ilikuwa ikifanya mazoezi, na wimbo ukakatika. La pili liligonga mtungi wa maziwa. La tatu lilipita sentimita chache kutoka sikio langu.

Nina hasira za karibu, sifichi. Nikasema, "Mwambie mama asizungushe kiuno kama anatwanga, atanitoa jicho."

Mke wangu akageuka. "Mama, anasema umeanza vizuri. Pole pole tu."

Ndivyo tulivyokwenda miezi miwili. Mimi napandisha sauti, mke wangu anaishusha, na mama, ambaye hakuwa kiziwi na alikuwa amesimama pale pale, anangoja kwa adabu mpaka aletewe tafsiri ndipo atikise kichwa. Cha kushangaza ni kwamba alikuwa akijirekebisha kwa yale niliyosema mimi. Kiuno kilitulia. Bega likalegea. Mwezi wa pili alikuwa akipiga chubwi mpaka kwenye mti wa mparachichi aliokuwa ameuchagua, na kuku wakarudi kutembea uwanjani.

Somo la maji lilikuwa gumu zaidi. Sisi watu wa bara tumezoea maji yanayokaa mahali pake; bwawa uliloliacha asubuhi utalikuta jioni. Bahari hupwa na kujaa, na mwamba uliotembea juu yake ukiwa mkavu unaweza kugeuka kisiwa ukingali unafunga chambo. Kwa hiyo mvuvi huuliza kwanza saa za maji kujaa, na kabla hajarusha chochote huangalia atarudi kwa njia gani. Mama akauliza, kupitia kwa mkalimani, ni nani anayeyapeleka na kuyarudisha. Nikajibu ni mwezi. Mke wangu akamwambia, "Anasema ni Mungu," na mama akaridhika kabisa.

Kisha tukagombania viatu. Mama alikuwa na gambuti zake za zizini na hakuona kwa nini azivue. Nikaeleza kwamba gambuti likijaa maji halikutoi baharini, linakuzuia humo, na kwamba mwamba wenye ukungu wa kijani unataka raba yenye soli ya kushika na kamba za kukaza. Akajibu kwamba amepigana na tope la Kinoo kwa gambuti tangu ujana na tope halijawahi kumshinda. Ilichukua majuma matatu. Mwishowe alivaa raba, lakini alizivaa akiwa amenipa mgongo.

Jambo moja ndilo lililonikosesha raha. Kanuni ya kwanza ya kuvua juu ya miamba ni kwamba wimbi likija vibaya, unaachia fimbo. Fimbo hununuliwa. Nilipolisema hilo mke wangu hakutafsiri. Mama alikuwa amesikia, na akageuka akaanza kumkuna ng'ombe mgongoni. Nilijiona mjinga, kumwambia mjane maneno hayo juu ya fimbo ile, na bado nilijua nilikuwa sahihi.

Halafu kulikuwa na suala la mkalimani mwenyewe. Kule Kinoo, maneno yakichelewa kufika, hasara ni mtungi wa maziwa. Kwenye mwamba, muda wa mke wangu kugeuka, kupunguza ukali na kutafuta neno la adabu unatosha mtu kuzama. Nikaomba ruhusa kwamba tukifika huko niweze kumsemesha mama moja kwa moja, kwa siku hiyo tu. Jibu lilikuja baada ya siku mbili: tunaenda kuvua, hatuendi kukosa haya.

Basi nikanunua filimbi mjini, ya refa. Mlio mmoja, rudi nyuma. Miwili, achia kila kitu. Nyuma ya zizi mlio wa kwanza aliutii vizuri. Wa pili ukilia, aliinama taratibu, akailaza fimbo juu ya majani, akaifuta rili kwa leso, ndipo akarudi. Nilipiga filimbi hiyo mpaka mashavu yakauma na hakuwahi kuitupa hata mara moja. Usiku nilikuwa nikilala nikiona wimbi limesimama linamngoja amalize kufuta.

Kilifi tulifika kwa likizo, mimi, mke wangu na mama. Asubuhi maji yalipoanza kujaa tuliteremka kwenye mwamba mpana niliokuwa naufahamu. Niliwakalisha mbali na ukingo robo saa nzima, tukitazama tu, kwa sababu mawimbi makubwa huja wakati umeshazoea madogo. Mama aliutumia muda huo kuomba, na aliomba kwa kirefu. Nikafunga chambo, kipande cha ngisi, nikaiweka fimbo chini, nikaondoka, naye akaja kuiokota.

Alirusha vizuri ajabu. Mshipi ulikwenda ukalia hewani na chubwi likatua mbali kule maji yalikobadilika rangi. Moyo wangu ulijaa. Nikasema, "Mwambie mama ni safi sana," na kwa mara ya kwanza mke wangu alitafsiri neno kwa neno.

Hatukukaa sana, mshipi ukakaza. Fimbo ikapinda na mama akapiga kelele ya furaha kwa Kikuyu, akaanza kuvuta, na akivuta anasogea mbele. Hatua moja. Nyingine. Mimi nilikuwa nimeshaona kwamba ile fimbo haitikisiki. Samaki hutikisa, mwamba uliokunasa huvuta tu, na zaidi kila maji yanapouburura mshipi. Nikamwambia mke wangu kwamba hilo ni jiwe, amwambie arudi. Mke wangu alikuwa anapiga video huku analia.

Nilipoangalia nje nikaona maji yameinuka, mstari mmoja mweusi, mrefu kuliko yote ya asubuhi ile. Nikapiga filimbi mara moja. Mama hakugeuka. Nikapiga mara mbili. Akainamisha kichwa, akaikumbatia fimbo kifuani. Nikapiga tena na filimbi ikajaa mate, ikatoa mlio wa kifaranga.

"Wewe mama, achia hiyo kitu! Kuja hapa!"

Nilisema hivyo, kwa sauti ya makanga wa matatu anayefokea abiria, kwa mama wa mke wangu. Na huku nikisema nilikuwa nimeshamkamata mkono juu ya kiwiko. Aliachia. Tulianguka kinyumenyume juu ya mwamba uliojaa kome na wimbi likatupita magotini likivuta. Liliondoka na fimbo, mfuko wa chambo na raba yangu ya kushoto. Mama alikaa chini akatengeneza kilemba. Mimi sikuweza kuuachia mkono wake mpaka mke wangu alipokuja kuvitoa vidole vyangu kimoja kimoja.

Njia nzima ya kurudi Nairobi nilihesabu makosa yangu. Nilijua nilichokifanya. Nilikuwa nimemshika, nimemwita wewe, na nimempotezea kitu cha mwisho cha mumewe, na hata samaki hakupata. Jumapili nikasikia kwamba kanisani mama amewasimulia akina mama wenzake jinsi samaki mkubwa kama ndama alivyomnyang'anya fimbo. Jumatatu ukaja ujumbe kupitia kwa mke wangu: nilete mbuzi.

Kosa la namna hiyo, kwao na kwetu, hulipwa kwa mbuzi, na mbuzi huyo akishaliwa, ile heshima hulegezwa na mnaweza kusemezana. Nilipeleka dume jeupe. Tulichinja nyuma ya zizi, nyama ikapanda motoni, na mama akatoka jikoni na kigoda chake akakaa mbele yangu. Akala kipande kizima cha maini kabla hajafungua mdomo kwa jambo jingine.

"Huyo alikuwa samaki?" akaniuliza.

Kwa mazoea niligeuka kumtafuta mke wangu. Alikuwa ndani anapika ugali. Hakukuwa na mtu wa kunilainishia neno, na mwanamke huyu alikuwa tayari amekwisha kuliambia kanisa zima.

"Ilikuwa mwamba, mama. Ndoano ilinasa."

Akatafuna. "Nilijua. Mimi nimevuta ng'ombe na kamba maisha yangu yote. Kitu iko hai husimama kidogo, halafu ndio ivute tena. Hiyo ilikuwa inavuta tu."

"Na kanisani?"

"Ya kanisani ni ya kanisani."

Nilicheka, kisha nikaogopa kwamba nimecheka, kisha nikaona yeye pia anacheka. Hapo nikapata ujasiri wa kuuliza kilichokuwa kimenikaba tangu Kilifi. Kama alijua ni jiwe, na aliliona wimbi, na filimbi aliisikia, mbona hakuachia?

"Hiyo fimbo ilikuwa ya mzee," akasema.

Nikageuza nyama ambayo haikuhitaji kugeuzwa. Baadaye nikamuuliza, kwa sauti ya chini, sasa mbona mwishowe aliachia.

Akanitazama vile nilivyokuwa nikimtazama yeye miezi yote ile nyuma ya zizi, alipokuwa akikosea jambo rahisi.

"Si uliniita?"