Mtani Wangu Hanitukani Tena

Wasomaji wa ukurasa huu, mimi ni mwanamume wa miaka hamsini na mbili, Mzaramo wa Keko. Mhariri anifichie jina, bandarini wasije wakanicheka. Mke wangu alifariki, mabinti wameolewa mbali, nami najipikia ugali ambao hata paka wa jirani anaukataa.

Kazi yangu huko bandarini ni kutunza mashine mbili za kuchajia betri za yale magari madogo ya umeme yanayobeba mizigo ghalani. Dereva wa gari mojawapo ni Mnyamwezi, mtani wangu. Akiniona tu asubuhi, "We Mzaramo, bado hujafa? Sanda yako nishaiuza!" Nami namjibu kwamba yeye atazikwa na gunia la karanga. Nikirudi nyumbani sina wa kusema naye, kwa hiyo matusi yale ndiyo yalikuwa mazungumzo yangu ya siku nzima.

Basi swichi kubwa ya mashine ya kwanza ikaanza kutoa cheche. Kipande cha shaba ndani yake kilikuwa kimelika, ikabidi nitie kipya. Nikazima umeme, nikafungua kifuniko. Mtani akaona taa ya mashine ile bado inawaka nyuma yangu, akapiga kelele, "Mzaramo, toa mkono! Utakaangika!"

Nikacheka. Kila siku huniambia nitakaangika. Nikamjibu, "Nikiiva lete ugali," nikaingiza mkono. Kumbe nilikuwa nimezima mashine ya pili.

Yeye ndiye aliyenisukuma kwa ubao nikaachana na umeme. Vidole viwili vimekauka, lakini nipo hai. Tangu hapo ananiletea uji, ananifulia shati, ila hanitanii kabisa. "Habari za asubuhi, bwana. Mkono waendeleaje?" Basi, imekwisha.

Juzi nikamchokoza, nikamwambia kichwa chake kinafaa kutwangia mpunga. Akainama. "Bwana, ningekuwa nasema nawe kama watu wengine, siku ile ungenisikia." Akaenda zake. Nililia, mtu mzima mimi.

Simlaumu, aliniokoa. Lakini upweke huu unaniuma kuliko vidole. Na kwetu, siku ya mazishi, mtani ndiye anayejilaza kaburini akizuia usizikwe, mpaka waliao wacheke. Mimi sina mwingine. Nishaurini, nimfanyeje ili aniulize tena kama bado sijafa?