Bega Langu na Ndoo za Biliqo

Nakumbuka siku moja kule Biliqo, mwanangu, tukisali alasiri karibu na kisima, mkono wangu wa kulia ulikataa kupanda. Wa kushoto ulifika sikioni, wa kulia ukaishia kifuani. Mzee Guyo, msimamizi wa kisima, alikuwa safu ya nyuma akiniona.

"Halake, hiyo bega iko na nini?" akauliza baada ya sala.

Visima vyetu ni virefu. Vijana husimama mmoja juu ya mwingine, kila mtu akimrushia wa juu yake ndoo, na wimbo ndio unaopanga mikono. Nilikuwa hodari wa kurusha. Bega lilipoanza kuninyima usingizi, wenzangu walisema mfupa umeteguka, na jioni ya siku ile ya sala walipanga kunivuta mkono urudi mahali pake. Mzee Guyo akawafukuza kama mbuzi. "Kesho unaenda hospitali Isiolo. Na kisimani usishuke."

Nililia, sikufichi. Nilikuwa nimechumbia, na nani angemwoza binti yake kwa kijana asiyeinua ndoo?

Hospitalini, mama mcheshi wa mazoezi ya viungo aliugeuza mkono wangu polepole. "Mfupa iko sawa. Imeumia ni kano, ile kamba inashikanisha misuli na mfupa. Umerusha vitu juu bila kupumzika, ikachanika kidogo. Ukivutwa itachanika zaidi. Na usiufunge huo mkono, bega itakauka."

Nikarudi na mazoezi yangu. Mzee Guyo akaniweka mdomoni mwa kisima niongoze wimbo. Mwanangu, sauti yangu ni mbaya. Vijana walicheka mpaka wakamwagiana maji, kisha kila asubuhi wakawa wananisimamia nifanye mazoezi, ili nipone upesi ninyamaze. Miezi ikapita, mkono ukapanda.

Baba wa mchumba wangu alikuwa akiniona hapo nikiimba vibaya. Nilidhani ameshakata shauri kuninyima. Siku ya kupanga harusi akasema, "Huyu akiambiwa pumzika, anapumzika. Binti yangu atazeeka na yeye." Na kweli tumezeeka pamoja, bado ananikataza kuimba.

Basi wewe unayepakia magunia kwenye malori hapa Wabera, bega likiuma usiku, punguza mizigo ya juu, muone mtaalamu, fanya mazoezi kwa subira. Ukianguka na mkono ukagoma kabisa kuinuka, nenda siku hiyo hiyo. Usikubali kuvutwa na marafiki. Mungu akupe nagaa, amani ya nyumba na ya mwili, na mikono yako ibebe wajukuu.