Stelingi Aliyeuawa Dakika ya Kumi na Tisa

Filamu ya kwanza aliyoitafsiri ilirekodiwa Jumatatu, tarehe 6 Juni 2005. Tarehe hiyo aliiandika mwenyewe kwa wino mweusi juu ya CD, na CD yenyewe bado ipo kwenye droo ya shangazi yake, mwenye duka la kukodisha filamu. Tangu hapo ametafsiri filamu mia sita na kumi na moja, zote kwa namna ileile: anakaa, anawasha kipaza sauti, anabonyeza kitufe, na yeye na filamu wanakwenda pamoja hadi mwisho bila kusimama. Hajawahi kuitazama hata moja kabla ya kuirekodi.

Kazi inayomlisha ni kutengeneza friji. Siku tano za wiki utamkuta nyuma ya majokofu ya hoteli na mabucha, kapiga magoti, tochi mdomoni. Huko wanamwita Fundi. Wapenzi wa filamu wanamwita Redio, kwa sababu akishaanza kusema hana kitufe cha kuzima. Ana miaka arobaini na saba, mke, mabinti wawili ambao hawapendi filamu, na sauti nene inayokwaruza kidogo, ambayo watu huitambua hata akiagiza chai.

Chumba cha kurekodia ni stoo ya nyuma ya duka. Ukutani zimegongomelewa trei za mayai, mlangoni limening'inizwa blanketi, na feni haiwashwi kwa sababu inasikika. Humo, kila Jumamosi, mtu mmoja anakuwa wote: shujaa wa filamu, yaani stelingi, adui, mke wa stelingi, polisi, hata mbwa. Sauti ya asili inashushwa hadi iwe mnong'ono, yake inapanda juu. Filamu ikiwa ya lugha asiyoijua, anasoma maandishi ya chini. Maandishi yakikosekana, anasoma nyuso.

Anayo hoja ya kutozitazama kwanza. Anasema aliyejua mwisho hashtuki, na mtafsiri asiposhtuka, mteja naye nyumbani hashtuki, anakunywa maji na kwenda kulala. Hoja hiyo ameirudia miaka yote bila kupingwa, mpaka alipokuja Karani.

Karani ni mwanamke wa miaka ishirini na tisa, karani kweli, katika ofisi ya shule. Alianza kama mteja. Kisha akaomba kujaribu, na Shangazi akampa filamu moja, halafu ya pili, halafu nne. Karani huitazama filamu mara tatu. Mara ya kwanza anakaa tu, mara ya pili anaandika kwenye daftari, mara ya tatu anahakiki. Redio alipoambiwa hivyo alicheka hadi akakohoa.

Mwezi uliopita Shangazi aliwaita wote wawili akawaeleza bila kuzungusha maneno. Stoo ni moja, Jumamosi ni moja, na yeye hana tena nguvu za kusimamia watafsiri wawili. Atabaki mmoja. Angewapa filamu moja, ileile, kila mtu airekodi kivyake. Ya Redio ingetoka kwenye CD, ya Karani kwenye flashi, na baraza lingesikilizwa. Wateja wasiambiwe kitu.

Baraza hukaa kila Jumapili saa kumi alasiri, kwenye mabenchi mawili mbele ya duka. Hufika watu wanane, pengine kumi na wawili, kusema walichoona katika filamu za wiki hiyo. Masharti ni mawili: asiyemaliza filamu hasemi, na anayesema hakatizwi mpaka ameze mate. Shangazi huketi mlangoni na kuandika mstari mmoja kwa kila filamu. "Wameipenda." "Wamesinzia." "Wamegombana, nunua sehemu ya pili." Filamu ngapi ziletwe, na za namna gani, hutoka kwenye mistari hiyo. Redio hajawahi kukosa. Husimama nyuma, kaegemea nguzo, akisikiliza watu wakisema kuhusu sauti yake kana kwamba hayupo.

Filamu waliyopewa ilikuwa ya nchi ya baridi. Theluji mwanzo hadi mwisho, na maandishi ya chini meupe, juu ya theluji nyeupe. Karani aliisimamisha mara kwa mara na kusogeza uso kwenye kioo hadi herufi zionekane. Redio hakusimamisha. Dakika ya kumi na tisa mwanamume mwenye koti la kijivu alipigwa risasi darajani akatumbukia mtoni. Redio, ambaye kufikia hapo alikuwa ameshaamua kwamba stelingi ni yule polisi mwenye sharubu, akamtangaza huyo mwenye koti kuwa marehemu. Onyesho lililofuata lilikuwa la mazishi. Akayafanya kuwa mazishi yake, akamlilia vizuri, kwa sauti ya mke.

Dakika ya hamsini na mbili mwenye koti la kijivu aliingia jikoni kwa miguu yake, mkono umefungwa kitambaa, na mke akamrukia shingoni.

Redio alikuwa na muda wa kuvuta pumzi moja. Akasema huyu ni pacha wa marehemu, amekuja kulipa kisasi. Kuanzia hapo hadi mwisho, kila neno ililazimu lipindwe. Mume akawa shemeji, mke akawa mjane, na chumba cha kulala, kilipofikiwa, kikawa na maelezo mengi. Alipotoka stoo shati lilikuwa limemlowa. Hakumwambia mtu. Baadaye alikiri kwamba alijisikia fahari kidogo.

Jumapili iliyopita walifika watu kumi na mmoja. Walianza na filamu ya mpishi wa meli, wakakubaliana kwamba mpishi aliigiza vizuri na meli vibaya. Wakapita kwenye filamu ya mbwa anayemtafuta bwana wake, ambayo wanaume watatu walisema haina maana na wote watatu waliimaliza. Kisha ikaja ya theluji.

Aliyetangulia ni Mwashi, mjenzi wa nyumba, mtu mwenye hasira na filamu zote anazozipenda. Alikuwa amekodi CD. Alisema hajawahi kuona mwanamke wa aina ile. Mume hajakauka kaburini, mke yuko kifuani kwa shemeji yake, tena jikoni, mlango wazi, baridi inaingia. Wenye CD wengine wakaitikia. Mmoja alisema alizima televisheni akatoka nje kupunga upepo, akarudi kwa sababu ya sharti la kumaliza.

Mwashi alipoona anakubalika akanogewa. Akageuza shingo kuelekea mwisho wa benchi, alikokaa Mama Vifungo.

Mama Vifungo ni mshonaji. Jina amepewa kwa sababu ya makopo ya vifungo yaliyojaa dirishani kwake. Mume wake alifariki mwaka juzi. Mdogo wa mume, dereva wa lori la maji, hufika nyumbani hapo karibu kila wiki kutengeneza hiki na kile, na mtaa umeshahesabu mara ngapi.

"Wengine hawahitaji theluji," Mwashi alisema. "Hata kwenye jua wanakumbatiwa."

Benchi zima lilicheka. Mama Vifungo alingoja wamalize.

"Shemeji yangu alikuja kutengeneza bomba," alisema. "Wewe, Mwashi, nilikuita mara tatu. Bado nakusubiri."

Kicheko kikamgeukia Mwashi, na cha safari hii kilikuwa kirefu zaidi. Lakini Mama Vifungo hakucheka. Aliinama akaokota mkoba wake chini ya benchi, akaupangusa vumbi, akaanza kusimama. Mwashi, kwa kutaka kujikomboa, akasema yeye kasema ya filamu tu, na katika filamu yule mama hana utetezi, pacha ni pacha lakini si mume.

Hapo ndipo Nesi alipouliza, "Pacha gani?"

Nesi amestaafu. Alikuwa wodi ya majeruhi, na filamu huzihukumu kwa vidonda. Alikuwa amekodi flashi. Alisema katika filamu aliyoiona yeye hakuna pacha wala mjane. Kuna mtu kapigwa risasi ya bega, kaokolewa mtoni, karudi kwa mke wake. Tena risasi yenyewe ilipita juu juu, juu ya mfupa.

"Jeraha kama lile unafunga bandeji, unamwambia mgonjwa asibebe ndoo," alisema. "Nyinyi mmemzika?"

Mwashi alimwambia kwa adabu kwamba labda alisinzia.

"Nimekesha zamu za usiku miaka thelathini na moja, baba. Nikasinzie kwa filamu ya saa mbili?"

Wakagawanyika. Wa CD walikuwa wameona mazishi kwa macho yao. Wa flashi nao waliyaona, lakini wakasema ni ya mzee mwingine. Kila mmoja alijua kasikia sauti ya nani. Hakuna aliyedhani kwamba hadithi nazo ni mbili. Mmoja wa kundi la flashi alikumbusha jambo linalojulikana na kila aliyewahi kukaa mbele ya televisheni: stelingi hafi mapema, na filamu iliyomuua stelingi dakika ya kumi na tisa basi ingekuwa imekwisha dakika ya ishirini. Mwashi akasema ndiyo maana ilimshangaza.

Karani alikuwa amekaa katikati ya benchi la pili, daftari mapajani, limefungwa. Alikuwa ameshaelewa. Alimtazama Redio mara moja, kisha akatazama kiatu chake. Angefungua ukurasa mmoja tu, mashindano yangekwisha hapohapo. Hakufungua. Shangazi naye alikuwa amenyanyua kalamu, haandiki.

Mama Vifungo alikuwa amesimama, mkoba begani.

Redio alitoka kwenye nguzo.

"Hakuna pacha," alisema. "Yule ni mume mwenyewe. Mimi nilimuua mapema, na alipoingia jikoni sikuwa na namna."

Mwashi ndiye aliyeuliza, polepole, kama mtu anayepima ukuta.

"Kwa hiyo yule mama…"

"Alimkumbatia mume wake."

"Nimemchukia siku tano nzima," Mwashi alisema. "Mke wangu nimemsemesha vibaya kwa ajili yake."

Redio aliwaeleza habari ya maandishi meupe juu ya theluji. Hakuiweka kama udhuru. Alisema angeweza kusimamisha, hakusimamisha. Wapo waliomtetea. Mmoja alisema filamu ya pacha ilikuwa na moto, na ile ya Karani, asikasirike, imesomwa kama mtu anaita mahudhurio darasani. Karani alisema hajakasirika, anajua. Nesi alisema moto si kitu kama unachoma nyumba ya mtu asiye na kosa, na hakumtazama yeyote alipolisema hilo. Mwashi alikuna kidevu. Baada ya muda akasogea kwenye benchi kumpisha Mama Vifungo nafasi pana kuliko ile aliyokuwa nayo, akasema bomba atakuja kuliangalia, kama bado linavuja.

"Halivuji," alisema Mama Vifungo. "Nimekwambia lilitengenezwa."

Hata hivyo alikaa. Alikuwa na swali, akamwelekea Karani. Kama mume hakufa, aliyezikwa ni nani?

Karani alifungua daftari. "Baba mkwe. Ugonjwa wa moyo. Anaonekana kitandani mwanzoni kabisa, dakika ya pili."

Redio alisema hakumwona.

Baraza lilipovunjika, Shangazi alimwita ndani. Ana miaka sabini na mbili, na ndiye aliyemkabidhi kipaza sauti cha kwanza. Alimwambia akae. Alimuuliza kama akienda kwa mtu mwenye friji mbovu huanza kufungua skrubu kabla ya kuuliza friji ilianza lini kusumbua. Redio alisema huanza kwa kuuliza. Shangazi alisema basi yeye hana la kuongeza.

"Filamu zitakuwa za Karani, mwanangu. Sauti yako naipenda, lakini leo mtu alitaka kuondoka barazani kwangu kwa jambo ambalo halikutokea."

Redio alijaribu hoja yake ya zamani, ya kushtuka, akaifikisha nusu, akaiacha. Aliomba kitu kimoja: airudie ile ya theluji. Hata isipokodiwa na mtu, hataki yule mama wa kwenye filamu abaki hivyo. Shangazi alifikiri, akauliza kama ataitazama kwanza. Redio alisema ataitazama.

Karani alikuwa bado nje, akipanga mabenchi. Redio alimwomba daftari. Karani alimpa, akamwonya kwamba mwandiko wake ni mbaya ukurasa wa saba, pale wanapozungumza wote kwa pamoja. Kisha, bila kumwangalia, akamwuliza jinsi anavyolia kwa sauti ya mwanamke bila kuchekesha, kwa sababu yeye amejaribu mara nyingi na inatoka kama mafua. Redio alimwambia asilie. Azuie kulia, mkono tumboni, halafu aseme. Karani alijaribu palepale kando ya benchi. Shangazi, mlangoni, aliinua kichwa kutoka kwenye hesabu ya CD zilizorudishwa, akasema bado.

Nakala za pacha ni thelathini na nne. Ishirini na tisa zimesharudi na zimewekwa pembeni. Kesho, saa kumi na moja jioni akitoka kazini, Redio ataitazama filamu ya theluji hadi mwisho, kipaza sauti kikiwa kimezimwa. Jumamosi asubuhi atairekodi upya. Kuanzia Jumamosi inayofuata stoo itakuwa ya Karani, na yeye ana majokofu matatu ya hoteli moja yanayomsubiri.