Filamu Iliyokuwa na Mwanzo Tu

Dorkasi alianza kuogopa siku wenzake walipompisha bombani.

Pale kijijini, mashariki ya Kongwa, hakuna anayempisha mwenzake bombani. Maji hutoka kwa kusuasua, foleni ya ndoo inafika kwenye ua wa zahanati, na mwanamke anayethubutu kusogeza ndoo yake mbele huambiwa maneno ambayo hata mumewe hajawahi kumwambia. Dorkasi mwenyewe ni fundi wa maneno hayo. Lakini asubuhi ile alipofika, wanawake walivuta ndoo zao pembeni, njia ikawa nyeupe. "Pita tu, mama," mmoja akamwambia huku akitazama chini. Akapita, akakinga maji, akajitwika. Alikwenda mbio hata nusu ya maji ikamwagika njiani, maana wanawake wale aliwajua tangu wanaolewa, na alijua kabisa kwamba ile haikuwa heshima.

Ngoja niseme Dorkasi ni nani kabla hatujaenda mbali. Ni mjane wa miaka sitini na kitu. Amezaliwa hapo hapo, kaolewa hapo hapo, na mume kamzika hapo hapo. Mwanawe wa pekee, Yotham, anaendesha lori na huonekana nyumbani siku akipenda. Mvua zikinyesha Dorkasi huchuma mlenda, huukausha, huutwanga, kisha huuza gulioni kwa kikombe. Wateja wakimsifu kwamba mlenda wake hauna mchanga, yeye huwaonyesha kwa kidole meza ambayo mlenda wake una mchanga. Kanisani huimba na Umoja wa Akina Mama, kwa sauti kubwa kuliko wimbo unavyohitaji. Nyumba yake ni tembe, ile ya udongo yenye paa bapa, kwa sababu anasema bati humchemsha ubongo. Anapikia humo humo ndani, dirisha moja dogo, kuni zenyewe mara nyingi mbichi. Moshi wa miaka arobaini umemwachia macho mekundu. Mekundu kweli kweli. Na tusidanganyane: huku kwetu mwanamke mzee mwenye macho mekundu anahitaji majirani wema kuliko anavyohitaji mvua. Dorkasi alikuwa nao, ndiyo maana hakuwahi kuyafikiria macho yake.

Aliyemletea balaa ni mtoto wa mdogo wake, tena kwa mapenzi matupu. Jenifa amepanga chumba Kikuyu, pale Dodoma mjini, na anasomea mambo ya filamu katika chuo kimoja cha huko. Siku moja akashuka kijijini na wenzake wawili, na simu iliyosimamishwa juu ya miguu mitatu.

"Shikamoo, mama mkubwa! Tumekuja kukufanya staa."

"Marahaba. Mmekula?"

Walipokwisha kula ugali wa uwele na mlenda, Jenifa akaeleza shida yake. "Mwalimu ametupa kazi. Tutengeneze dakika mbili za mwanzo wa filamu. Mwanzo tu. Na mtu asiongee hata neno. Anayetazama awe ameshajua ni filamu ya namna gani: ya mapenzi, ya kuchekesha, au ya kutisha."

"Atajuaje na hakuna aliyesema kitu?"

"Atajua kwa mahali penyewe, kwa vitu vilivyowekwa, na kwa jinsi mtu anavyojiweka. Ukianza na sebule ina makochi na maua, msichana anajitazama kwenye kioo, mapenzi hayo. Ukianza na mwanaume kavaa koti linalomzidi, anakimbizwa na bata, watu wameshacheka."

"Na hapa kwangu?"

Jenifa akaona haya kidogo. "Hapa kwako ni ya kutisha, mama mkubwa."

Dorkasi alicheka mpaka akajifuta machozi. Akawaambia wafanye watakavyo, mradi wasimkanyagie miche ya nyanya.

Wakaanza kuondoa vitu uani. Dumu la njano likaingia ndani. Beseni la plastiki, kidude cha sola, kalenda ya kanisa, kandambili za Yotham, kila chenye rangi ya kuchangamka kikafichwa. Vikabaki vya udongo na vya miti: mchi, ungo, na kibuyu cha mbegu kilichoning'inia kando ya mlango. Wakamvua kitenge, wakamvalisha kaniki yake ya shambani. Wakachochea kuni mbichi ndani ili moshi utoke mlangoni taratibu. Jenifa akalala kifudifudi, simu ikamtazama Dorkasi kutoka chini.

"Usiigize," akamwambia. "Fanya unavyofanya siku zote. Toka mlangoni, kaa, pepeta uwele wako. Nikiinua mkono, nitazame."

Dorkasi akatoka kwenye moshi. Akakaa, akapepeta. Kuku mweusi akajipitia mwenyewe mbele yake, hakuitwa na mtu, na wanafunzi wakakaribia kupiga kelele kwa furaha. Jenifa akainua mkono. Dorkasi akainua uso, pumba zimemjaa machoni, akaitazama simu bila kupepesa. Kama ungemuuliza alikuwa anafikiria nini, angekwambia alikuwa anafikiria sufuria ya maharage, kwamba sasa hivi inaungua. Filamu ikaishia hapo, kwenye macho yale.

Jenifa alipata alama za juu kuliko darasa zima. Mwenzake mmoja, kwa kufurahi, akaitupa kazi hiyo mtandaoni, akaipachika mlio wa upepo na ngoma ya mbali, bila jina wala maelezo. Ikasafiri simu kwa simu hadi ikarudi kijijini, na ilipofika haikuwa kazi ya darasa tena. Watu walidhani kuna mtu alimrekodi Dorkasi kwa kujificha.

Wiki hiyo hiyo mtoto wa mwisho wa Devota akashikwa na degedege.

Devota ni jirani wa ukuta kwa ukuta. Huyo na Dorkasi wamegawana chumvi na makaa ya moto miaka yote. Zahanati ilisema ni malaria, ikamtibu mtoto, akapona. Dorkasi hakujua lolote kuhusu filamu kusambaa. Siku ile ile aliyopishwa bombani alifunga bakuli la uji wa uwele kwenye kitambaa, akaenda kumwona mgonjwa. Devota alisimama mlangoni, mkono huu kwenye fremu, mkono huu kwenye fremu.

"Mtoto anaendeleaje?"

"Amelala." Hakusogea. Kisha akatoa simu, akaielekeza kwake. "Mama Yotham, huyu ni nani?"

Dorkasi akatazama. Aliona mlango unaotoa moshi, na kitu cheusi kikitoka ndani yake. Aliona kibuyu. Aliona ungo ukipanda na kushuka, na kuku mweusi akipita kama aliyetumwa. Kisha ule uso ukainuka, na macho yale yakamkazia. Kwa kitambo kidogo alimwogopa yule mwanamke, akataka kuuliza amefanya nini na anaishi wapi, halafu akakumbuka.

"Hiyo ni kazi ya Jenifa ya shule! Ni mwanzo wa filamu tu, Devota."

"Na inayoendelea iko wapi?"

"Haina inayoendelea."

Devota akarudisha mlango polepole, uji ukabaki mikononi mwa mwenyewe.

Tangu hapo hofu ilihamia kwa Dorkasi na vyombo vyake. Alikumbuka mwanamke mmoja wa kijiji cha bondeni, aliyeitwa mchawi akachomewa nyumba kwa maneno yasiyozidi haya, na waliochoma walikuwa watu aliokuwa akiwauzia mayai. Aliuficha ungo chini ya kitanda. Kibuyu alikishusha, akakifunga kwenye gunia. Kuku mweusi alimchinja, akamla peke yake bila kusikia ladha. Uwele akawa anaupepeta ndani, mlango umefungwa, vumbi na moshi vikamwingia machoni hata yakazidi kuwa mekundu. Akitoka kwenda chooni alikuwa anautazama ua wake kutoka chini, kama simu ilivyoutazama, akijiuliza kila kitu kinaonekanaje. Ufagio unaonekanaje? Yeye mwenyewe akiinama anaonekanaje? Kanisani alikuta benchi lote ni lake. Aliimba kwa sauti ndogo, na hata hivyo watu waligeuka.

Kisha jiwe likatua juu ya paa, mchana kweupe. Tembe halilii kama bati. Lilisikika kama mtu aliyeketi kwa kishindo. Likafuata la pili. Dorkasi alijikunja kando ya mtungi, roho mkononi, akimwomba Mungu kwa Kigogo na kwa Kiswahili, yoyote itakayofika kwanza. Mawe yalipokoma akampigia Jenifa.

"Njoo, mwanangu. Wataniua."

Jenifa alikuja kesho yake, uso umempauka. Mtundu yule wa kuchekacheka hakuwepo tena. Alikwenda moja kwa moja kwa Kefa, mwenyekiti wa kitongoji, mwenye duka lenye televisheni. Kefa akaita watu. Jenifa akasimama mbele yao akaeleza yote: mahali, vitu, namna ya kujiweka, kazi ya mwalimu. Walimsikiliza vizuri sana. Alipomaliza, mzee mmoja akauliza lile ambalo wote walikuwa nalo.

"Sawa, binti. Sasa tuonyeshe inayoendelea, tuone huyu mama mwishoni anakuwa nani."

"Hakuna, babu. Tuliambiwa mwanzo tu."

Watu wakaguna. Nani amewahi kuona filamu yenye kichwa bila kiwiliwili? Kwao ilikuwa wazi kwamba inayoendelea ipo na inafichwa, na kinachofichwa hakiwezi kuwa kizuri. Dorkasi aliketi pembeni amejifunika khanga. Aliona vijana wawili wakinong'onezana na kumtupia jicho, akajua mawe yalitoka wapi.

"Basi nipeni kesho asubuhi," Jenifa akasema kwa haraka. "Nitatengeneza mwanzo mwingine. Ua ule ule, mama yule yule, ninyi wote mkiona. Mtaona filamu ya furaha."

Kefa alikubali, labda kwa sababu alipenda watu wakusanyike karibu na duka lake.

Asubuhi kijiji kizima kilikuwa uani, miche ya nyanya ikaenda na maji. Sasa vya rangi vikatolewa nje: dumu la njano, beseni, kalenda, redio ya kuazima kwa Kefa. Mlango ukatundikwa pazia la maua. Moto ukazimwa. Dorkasi akavalishwa kitenge kipya na kilemba cha kijani, ungo ukaja ukiwa na maembe badala ya uwele. Jenifa alisimama kwenye ngazi ya kuazima, simu ikatazama kutoka juu.

"Sasa igiza, mama mkubwa. Toka kama unayemsubiri mgeni umpendaye. Tabasamu."

Dorkasi alitoka. Mbele yake kulikuwa na nyuso zile zilizompisha bombani, na wale vijana wawili mstari wa mbele kabisa. Alitabasamu mpaka mashavu yakamuuma. Embe likamponyoka, watu wakacheka. Akarudishwa ndani. Akatoka tena, akapunga mkono, akatikisa mabega redio ilipopiga muziki. Walirudia mara nyingi hata kilemba kikalowa jasho, na kila mara alijua kwamba hapigwi picha, anahukumiwa.

Mchana ule zote mbili zilionyeshwa dukani, moja baada ya nyingine. Ya kwanza ilipopita hapakuwa na anayepumua. Ya pili ilipoanza watu wakalipuka kwa vicheko, wakapiga makofi. "Mama Yotham, kumbe msanii!" Kefa akatangaza kwamba mambo yamekwisha, na atakayerusha jiwe tena atajibu kwake. Jenifa alimkumbatia mama yake mkubwa na kila aliyekuwa karibu, akakimbilia basi la kurudi Dodoma akilia kwa furaha.

Dorkasi alirudi kwake akiwa hoi. Alikuwa hajavua kilemba aliposikia hodi. Devota alikuwa mlangoni, mtoto amelala mgongoni, mkononi ana bakuli la chumvi. Dorkasi aliona machozi yanamjia, akamkaribisha ndani, akampa kigoda, akawasha moto wa chai.

Walizungumza habari za mtoto, za bei ya mahindi, za kilemba. Devota alikuwa mpole kama zamani.

"Kwa kweli umeigiza vizuri, Mama Yotham. Ile ya leo. Kila mtu anasema. Vile ulivyotabasamu, mpaka tukaona jinsi unavyojitahidi."

"Nilitetemeka, mdogo wangu! Ile ya kwanza ilikuwa rahisi. Ile Jenifa aliniambia nisiigize, nifanye tu ninavyo—"

Akakatisha, lakini lilikuwa limeshatoka.

Devota alitazama mlango, akatazama moshi uliokuwa unaanza kujikusanya darini, kisha akamtazama Dorkasi machoni, na haraka akaondoa macho yake. Akaweka bakuli la chumvi chini. Akaaga kwa adabu zote. Alipofika mlangoni alimvuta mtoto kutoka mgongoni, akampakata kifuani, akamfunika uso kwa khanga, ndipo akatoka.

Jua lilikuwa bado juu. Dorkasi akasukuma komeo, akakaa chini nyuma ya mlango.