Mkwe Aliyekwama Chumba cha Pamba

Shemeji yangu ni mtu wa Kisumu. Alipomwoa dada yangu tulimpa heshima zote za mgeni, naye akatulipa kwa kuuliza, siku yake ya pili hapa Bariadi, kama nyumbani kwangu kuna intaneti. Nilimwambia ipo mjini, karibu na stendi, kwenye duka la kuchapa barua, na ukienda huko unavaa shati. Alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Tangu siku hiyo, kila alipopiga simu, salamu ya pili ilikuwa hiyo.

"Shemeji, hiyo internet yenu imefika, ama bado iko njiani na punda?"

"Imefika," nilimjibu. "Imepumzika kidogo."

Mimi ni mwalimu, na mwalimu hakosi maneno. Lakini ukweli ulikuwa upande wake. Kwake waya ulipita ukutani mpaka sebuleni, analipa kwa mwezi na kutumia atakavyo, na mtandao ukikatika anapiga simu kwa hasira na mtu anakuja. Kwetu soko huria la mawasiliano tuliliona kwanza kwenye rangi. Kampuni zilishindana kupaka maduka yetu, mtaa huu mwekundu, ule wa bluu, lakini ukiingia ndani kuulizia intaneti ya nyumbani unauziwa vocha na kuambiwa huduma hiyo ipo Mwanza. Nilimweleza shemeji kwamba nchi yetu ni kubwa, waya wao ungechoka kabla ya kutufikia. Akasema ng'ombe wetu mbona wanafika kwao kwa miguu.

Utani huo ungeendelea hadi leo, mimi nikiwa sijafanya lolote, kama dada asingejifungua.

Alikuwa amengoja mtoto miaka mingi. Mara mbili mama yetu aliletewa habari njema kwa simu, na mara mbili simu ileile ikaja kuzifuta. Kwa hiyo alipopigiwa kwamba safari hii mtoto amezaliwa, wa kike, alisema, "Haya, tumesikia," akaendelea kupepeta mchele. Hakupiga kigelegele. Neno mjukuu hakulitamka. Picha ilipoletwa na basi aliitazama, akasema watoto wachanga wote wanafanana, yeye atamwamini atakapomwona mikononi mwa mama yake. Na kusafiri hakuweza, maana nyonga ilishamkatalia hata kwenda kanisani.

"Kaka, anadhani namdanganya?" dada aliniuliza kwenye simu, akilia.

Nilimwambia mama anaogopa tu. Iliniuma sana. Mtu amejifungua baada ya kuteseka kote kule, na mama yake mzazi hajamshangilia.

Ndipo nikaomba intaneti ya nyumbani, ili mama amwone mtoto kwenye kioo, mikononi mwa dada. Fundi alikuja kutoka Mwanza baada ya ahadi nyingi, akapanda juu ya bati, akageuzageuza kidude chake kuelekea mnara, akashuka na kutangaza kwamba mawimbi yanakubali upande mmoja tu wa nyumba. Upande wenyewe ulikuwa chumba tulichojaza pamba tukisubiri wanunuzi waongeze bei. Nilimwuliza kama hakuna pengine. Akasema pengine ni kwa jirani.

Basi Jumapili moja nilimchukua mama kutoka kijijini kwake Sola, nikamkalisha kwenye kigoda, pamba imemzunguka hadi mabegani, kompyuta ikiwa juu ya gunia mbele yake. Kwa usomi wangu wote nilikuwa nimefikiria kila kitu isipokuwa mkwe.

Kwetu mama hatazamani na mume wa binti yake. Wakikutana, mmoja ataiacha njia. Siku ya arusi mama aliviona viatu vya shemeji tu, akavisifu. Sasa huko Kisumu mwenye kuijua kompyuta alikuwa nani? Kioo kiliwaka, na badala ya mtoto ukatokea uso wa shemeji, umejaa kioo chote, unacheka.

"Mama, shikamoo."

Mama alijifunika kanga kichwani, akageukia ukutani. "Marahaba, baba," akaiambia pamba, kwa adabu zote. Kisha akaninong'oneza, "Mwambie atoke."

"Shemeji, toka hapo. Mama anaona haya."

Nilisikia kiti kikisogezwa, halafu sauti ya dada ikasema, "Ameshatoka, kaka. Yuko nje kwenye baraza." Lakini kwenye kioo chetu shemeji alikuwa palepale, meno yote nje. Intaneti yake ilikwisha kumtoa, yetu ilikuwa bado inamkaribisha.

"Katoka?" mama aliuliza.

"Katoka. Imebaki picha yake."

"Inanitazama?"

"Haioni, mama."

"Unajuaje? Si imenisalimia sasa hivi?"

Nilivua koti nikakifunika kioo. Tukakaa hivyo, mama ameipa kompyuta mgongo, kompyuta imevaa koti, na mimi katikati, mtu wa kufundisha watoto wa watu sayansi.

Halafu chini ya koti mtoto akalia.

Mama aliinua kichwa. "Huyo ni nani?"

"Mayu, ni yeye," sauti ya dada ilimwambia mama kwa Kisukuma chetu. "Nimempakata. Geuka utuone."

Mama aligeuka taratibu, akalinyanyua koti mwenyewe kwa ncha za vidole, tayari kukimbia. Picha ilikuwa imefunguka. Dada alikuwa ameketi karibu na dirisha, mtoto kifuani.

Hakumtazama mtoto kwanza. Alimtazama dada, muda mrefu, kama anayemkagua aliyetoka safarini.

"Ng'wanawane, mwanangu, umekonda."

"Ananyonya sana, mayu."

"Mfunue miguu."

Dada akafunua. Kile kiguu kikarusha teke, picha ikakikamata hewani ikaganda nacho, ikakiachia, kikarusha tena. Mama alikigusa kwa kidole kwenye kioo. "Mjukuu wangu," akasema, polepole, kwanza kwa Kiswahili halafu kwa Kisukuma. Kisha akasahau nyonga, akasahau mkwe aliyekaa barazani, akasimama katikati ya pamba na kupiga kigelegele ambacho majirani walikuja kuulizia.

Mtandao ulikatika hapohapo, na sikuweza kuurudisha siku nzima. Baadaye dada aliniambia kwamba kigelegele kile kilifika Kisumu vipande vipande, kipande, kimya, kipande, kimya, hata mume wake kule nje akadhani kompyuta imeharibika. Lakini dada alikuwa amekingoja tangu aolewe, naye alikitambua kwenye kipande cha kwanza.