Namba Isiyoachwa Wazi

Mkata tiketi za ndege wa hapa Wajir ana vidole vyembamba, na kucha ya kidole cha mwisho ameipaka hina. Jina lako analiandika polepole, kisha la baba, kisha la babu, akikutajia kila moja kwa sauti ya upole. Akifika penye namba ya pointi za wasafiri, zile kampuni ya ndege humpa mtu kwa kila safari, vidole vinakimbia. Sisi wauza mbuzi hatuna namba hiyo. "Pointi iko?" anauliza, na ukisema haiko anajibu, "Haina shida, walaal," yaani ndugu, huku anabofya tarakimu bila kutazama. Sijawahi kumwona akiiacha nafasi ile wazi, na macho yangu hayamtoki. Mwenyewe huapa wallahi hatapanda ndege hata akiburutwa, eti anaogopa.

Leo amebandika tangazo la kampuni ya ndege: kuanzia sasa pointi zitamwingia aliyetajwa kwenye tiketi tu, na asiyesafiri kufikia mwisho wa mwezi, zake zote zitafutwa. Khadra, muuza maziwa ya ngamia ambaye sote humwita eeddo, shangazi, akacheka. "Hiyo si yetu. Nani hapa iko na pointi?"

Mkata tiketi hakucheka. Alikaa, akaanza kuandika tiketi: jina, la baba, la babu, polepole, ila safari hii hakutaja lolote kwa sauti. Nikainama, nikasoma. Lilikuwa jina lake. Alipofika penye namba, vidole vikakimbia.

"Pointi iko?" Khadra akamtania.

"Iko, eeddo," akasema, bila kututazama.