Kokwa za Tende Ndani ya Kopo la Nyuzi

Nakumbuka alasiri moja mjini Matrah, joto limekaza hata mbuzi wa mtaani wamelala, mama yangu akaniita anionyeshe mkono wake. Bangili yake ya fedha, aliyotoka nayo Unguja ikaja kumganda aliponenepa, sasa ilikuwa inateleza. Aliisukuma juu mpaka karibu na kiwiko, ikarudi yenyewe. "Tazama, mwanangu," akasema, "tunakonda." Alisema tunakonda. Neno hilo linanitesa mpaka leo, na ndilo lililonifanya nikuite wewe, mwana wa jirani yangu, ukae hapa kidogo.

Tuliingia Oman mwaka mmoja baada ya mapinduzi, mimi na yeye tu. Baba alibaki Unguja, na hatukupata kujua kama yu hai. Nilikuwa na miaka kumi na minane, nikashona kofia tupate kula. Mama huzuni yake ilipitia mdomoni. Si kwamba alikuwa mlaji wa sahani kubwa, la. Mchana alikula kama watu wote. Lakini baina ya chakula na chakula mkono wake haukutulia: tende mbili, kipande cha halua, mkate wa jana na chai. Akingoja barua, anatafuna. Barua isipokuja, anatafuna. Haba na haba hujaza kibaba, na mwili wake ukajaa. Nami nikamfuata, maana huzuni yetu ilikuwa moja.

Mwaka wa sitini na saba kidole chake cha mguu kikafanya kidonda kisichopona. Daktari wa hospitali akamwambia ni maradhi ya sukari. "Dawa ninayo kidogo," akasema. "Uzito upunguze mwenyewe. Kula mara tatu, halafu funga mdomo. Usipoufunga, mguu utaukosa."

Tulipokuwa tunarudi, mama alisimama penye kivuli akanishika bega. "Peke yangu siwezi," akasema. "Na wewe umenenepa, usinifiche. Tufunge sote wawili. Nikikuona wewe huli, n'taona haya kula."

"Inshallah mama," nikamwambia. "Mimi na wewe."

Unazijua nyumba zetu, mwanangu. Huingii kwa mtu usiletewe tende na kahawa, na ukikataa umemvunjia heshima. Mama akaipata njia. Alikunywa kahawa chungu bila ya tende, akakitikisa kikombe, kama wanavyofanya wenyeji kusema basi, kabla sinia la halua halijamfikia. Jirani mmoja akanuna, akasema, "Bibi wa Unguja anatudharau siku hizi." Mama akacheka tu. Nyumbani, ile saa ya jioni ambayo mkono unatafuta wenyewe, aliinuka akapiga mswaki, akatia udhu, akaenda kukaa mlangoni mbali na chakula. Siku nyingine aliupiga mswaki mara tatu kabla hamu haijamwacha. Watu hudhani kuacha ni kazi ya siku moja. Mazoea yana taabu, na yeye alianza upya kila asubuhi.

Na mimi je? Nilikuwa nna kopo la biskuti nililotilia nyuzi za kofia. Chini ya nyuzi nikatia tende. Mama akisimama kusali, mimi nadokoa moja, naiweka shavuni, kokwa nairudisha koponi. Nikijiambia moja tu, mimi si mgonjwa. Halafu mama akimaliza sala ananiuliza, "Unaweza, mwanangu?" Nami namjibu naweza.

Basi alasiri ile ya bangili, mama alifurahi sana. Gauni lake lilikuwa limempwaya, akataka kulipunguza. Kabla sijainuka, alishalifungua kopo langu atafute uzi.

Alizimimina kokwa kiganjani, akazihesabu moja moja. "Nilidhani tuko wawili," akasema. Akazirudisha, akalifunga kopo, akaliweka mahala pake vizuri. Gauni hakulipunguza.

Nililia, nikamwomba radhi, akanipa. Mama hamwekei mwanawe kinyongo. Tangu siku ile nikaacha kweli, sikutia kitu mdomoni ila wakati wa chakula. Haikusaidia kitu. Kesho yake alichukua halua mbele yangu, akala taratibu, na nilipofungua mdomo kumkataza nikakuta sina uso wa kusema. Mwaka uliofuata mguu ulikatwa, na hakumaliza miezi mitatu baada yake. Walipomkosha kwa maziko, bangili ilikuwa imeganda tena. Nikaivua mimi, kwa sabuni, polepole, nikichelea kumuumiza.

Watu huniambia siku zake zilikuwa zimefika, nisijilaumu. Nimewasikia. Majuto ni mjukuu, lakini yangu yamekaa na mimi tangu ujana, na sijaona dalili ya kuondoka.

Sasa wewe na mama yako mmeahidiana kupunguza uzito, na sukari yake unaijua. Lakini juzi uliponipeleka mtaa wa Al Khuwair niliona mifuko ya chipsi chini ya kiti cha gari yako. Sikumwambia mtu.

Nakuusia hivi, mwanangu. Kitu usichotaka kukila usikiweke karibu na mkono. Hamu ikikujia, inuka pale ulipo, piga mswaki, kunywa maji, ingoje ipite, kwani inapita. Ukiwa nyumba za watu, tikisa kikombe mapema, na anune anayenuna. Na ukishindwa, maana utashindwa, sema siku hiyo hiyo: mama, leo nimedokoa. Atakucheka, na kesho mtaanza tena wawili. Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema wazee. Mimi niliyaficha yangu, kifo kikamchukua mwengine.

Mwenyezi Mungu akupe mdomo unaojua basi, na ulimi usioona haya kukiri. Amuweke mama yako akuone na wajukuu, na asimjaalie kujikuta peke yake pale alipodhani yuko na wewe. Amin. Haya, inuka uende kwake sasa hivi. Asubuhi nilimwona ana furaha, anatafuta uzi apunguze gauni lake.